Bwawa la Baba Somoe

Wenzangu wa kazini wanadhani naogopa kuzama. Tukienda semina kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, jioni wao huvua viatu, wakatumbukiza miguu na kupigana picha, na mimi hubaki upande wa pili wa ua nikijifanya nina simu ya kupokea. Siogopi kuzama. Ni ile harufu tu, dawa ya maji ikichanganyika na saruji iliyoshinda juani. Ikinifikia puani, siwi tena mama wa watoto wawili. Nakuwa mtoto wa darasa la tatu, nimechuchumaa kwenye ukingo wa bwawa nyuma ya nyumba yetu Masasi, nimezamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nasikilizia kama maji yamepoa.

Mliokulia kule mnalijua joto la Masasi kabla ya mvua. Majabali yanashinda na jua kutwa nzima, na jioni watu wanapotoa mikeka nje wakitafuta upepo, ndipo mawe yanapoanza kutoa joto lake. Mikorosho imeanza kuangusha, mabibo yanachachia chini, na harufu yake inaingia mpaka kwenye shuka. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho mtaani, mgongo wake umeelekea jabali, kwa hiyo joto la jabali lilitufikia sisi kwanza.

Baba alikuwa fundi ujenzi. Mama alikuwa mtu wa Mkunya, kule juu Newala, na alikua akiteremka bondeni kufuata maji kabla hakujapambazuka, yeye na dada zake, kisha wanapanda tena mwinuko ule ndoo zikiwa kichwani. Alikuwa na kovu gotini. Aliponiogesha nilipenda kuligusa na kumwomba anisimulie kisa chake, ingawa nilishakisikia. "Hapa niliteleza," alisema, "ndoo ikamwagika yote. Sikulilia goti, mwanangu. Nililia kwa sababu ilibidi nirudi tena chini." Ndiyo maana alipoolewa Masasi, jambo alilomwomba baba mwaka hadi mwaka lilikuwa kisima cha kuvunia maji ya mvua, kama vile vya kwao: shimo lililochimbwa ardhini, likasakafiwa na kufunikwa kwa zege, mabati ya nyumba yakilijaza wakati wa mvua, na mtu akitaka maji afungue mfuniko hapo hapo uani kwake.

Mwishowe baba alikubali. Siku aliyoanza kuchimba, mama alipika wali kana kwamba ni sikukuu, na mimi nikatumwa kumpelekea fundi wetu, yaani baba, chai shimoni. Mama alikuwa anapita kuchungulia kila alipopata nafasi. Alimwonyesha jirani yetu, Mama Faraja, mahali mfuniko utakapokaa.

Kabla shimo halijaisha baba akapata kazi Mtwara, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inajengwa karibu na ufukwe. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona, akashika sururu siku ile ile, lakini shimo likaanza kubadilika. Lilipanuka. Upande mmoja likapata ngazi. Kisha akaja na kopo la rangi ya bluu.

"Baba Somoe," mama alimwuliza, amesimama na beseni la nguo kiunoni, "kisima gani hiki chenye ngazi?"

Baba alicheka kama mtu aliyeficha zawadi na sasa imeonekana. "Si kisima tena. Ni bwawa la kuogelea. La kwako, la kwangu na la Somoe." Somoe ni mimi. "Kule Mtwara tumejenga la wenyewe kwa mikono yetu, lilipojaa maji tukaambiwa mafundi tupite mlango wa nyuma. Hata kunawa miguu hawakuturuhusu. Nikasema, mimi nikirudi kwangu najenga langu, mke wangu na mtoto wangu waingie watakavyo."

Mama alikwenda kwenye kamba akaanza kuanika, nguo moja moja, akiikung'uta kila moja kwa nguvu. Mimi nilikuwa upande wa baba. Nilifurahi mno. Sikujua kwamba kulikuwa na upande mwingine.

Siku boza la maji lilipokuja kujaza, mtaa mzima ulimwagika uani kwetu kuiona hiyo "suimingi." Baba alishika mpira mwenyewe. Maji yakapanda ngazi moja, ikafuata ya pili, watoto wakapiga makofi. Mama alikuwa bombani tangu asubuhi, kwa sababu wiki ile maji ya mtaani yalikuwa ya kubahatisha. Akatokea kwenye kona ya nyumba na ndoo kichwani. Alisimama pale pale bila kuitua, anatazama mpira unavyomwaga.

"Ndio kwanza natoka foleni, Baba Somoe," alisema. "Na nimepata ndoo hii tu."

Watu walicheka wakidhani ni utani. Baba pia alicheka.

Muda mfupi baadaye mama alifunga begi. Aliniambia anakwenda kumwona bibi Mkunya, na kwamba mimi siwezi kwenda kwa kuwa shule haijafungwa. Alinikagua kucha, akanikagua masikio, akanipaka mafuta magotini ingawa nilishajipaka. "Kaa na baba yako vizuri," akasema. Hakuniambia atarudi siku gani, nami sikuuliza, maana mtu anayekwenda kumwona mama yake hurudi.

Mwanzoni sikuwa peke yangu. Watoto wa mtaani walikuja kila baada ya shule, tukirukaruka kwenye maji yaliyotufika kifuani, tukinywa dawa na kukohoa. Halafu wakapungua. Kumbe mama zao walikuwa wamewakataza. Siku moja nilimfuata Faraja kwao kumwita, nikamsikia mama yake ndani akimwambia mgeni, "Nyumba yenye shimo la maji wazi na haina mama, mimi mwanangu hakanyagi. Tena pale kwa Baba Somoe pamechemka kwa sababu ya maji hayo hayo." Niliondoka bila kubisha hodi.

Pamechemka. Nililichukua neno hilo nikaenda nalo nyumbani. Nilivua viatu nikashuka ngazi, na kweli, maji yalikuwa ya moto. Bwawa lilikuwa la kina kifupi, halina kivuli, na jabali lilikuwa linalipa joto kwa nyuma. Saa za mchana maji yalikuwa kama chai aliyoisahau mtu mezani. Rangi ya bluu ilishaanza kuwa kijani pembezoni. Baba alikuwa anatoka alfajiri kwenda kazini na kurudi kukiwa giza, na sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kuingia zaidi ya kiunoni, maana hakujua kuogelea. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Jumapili ile mama alipiga simu, baba akanipa nikaongee naye uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakula? Unaoga?"

"Naoga. Mama, utarudi lini?"

Kwa mbali nilisikia upepo wa kwao, ule upepo wa Newala unaovuma kama mtu anapuliza chupa. "Huko kwenu bado ni moto, Somoe," akasema. "Acha mambo yapoe kwanza. Yakipoa nitakuja."

Mnaweza kuona jinsi nilivyoelewa. Mama Faraja amesema pamechemka kwa sababu ya maji. Mama amesema bado ni moto, yakipoa atakuja. Maji nilikuwa nayo mbele yangu na joto lake nililijua kwa mkono wangu. Nilijisikia nimepewa siri ambayo wakubwa walikuwa wanaizungukazunguka. Tena nilifarijika. Tangu mama aondoke nilikuwa natembea ndani ya nyumba ile bila kujua niweke wapi mikono yangu, na sasa nilikuwa na kazi.

Nilianza na kivuli. Mama aliacha kanga zake kwenye sanduku, nikazitoa zote, nikazifunga ncha kwa ncha, nikazitandaza juu ya bwawa kwa kuzifunga kwenye kigingi cha kamba na mti wa mpapai. Kwa muda pakawa na giza zuri, la rangi rangi, na mle chini nikanusa udi na sabuni yake. Nilikaa kwenye ngazi, maji yamenifika tumboni, nikaongea naye kidogo. Kisha upepo ukaja kutoka jabalini ukazing'oa kanga zote zikaangukia majini. Nilizivuta moja moja zikiwa nzito kama watu. Ile nyekundu ilichuja, na maji yakawa na wingu la waridi hadi jioni. Nilizianika kwa kuzikung'uta kwa nguvu, kama nilivyomwona yeye.

Halafu nikakumbuka uji. Asubuhi za shule mama alikuwa anapooza uji wangu kwa vikombe viwili, anainua kimoja juu na kumimina kwenye cha chini, anabadilisha, anamimina tena, uji ukiteremka kwa mstari mrefu usiokatika, naye haangalii hata kidogo, anaongea mambo mengine. Nikachukua ndoo mbili. Nilisimama ngazi ya juu, nikachota, nikainua kadiri mikono ilivyoweza, nikamimina kwenye ndoo ya chini, kisha nikayarudisha maji bwawani na kuchota mengine. Nilirudia kazi hiyo kila siku baada ya shule hadi mabega yakawa yanatetemeka nikishika kalamu darasani. Ilipofika jioni, jua likishapita nyuma ya jabali, nilizamisha mkono na kweli nilikuta maji yamepungua moto. Nikaenda ndani na furaha. Kesho yake mchana yalikuwa moto vile vile. Sikukata tamaa. Niliona tu kwamba naifanya kazi polepole mno, jua linaniwahi.

Ndipo nikaenda kwa Mama Faraja, ambaye alikuwa anauza barafu za vifuko.

"Shikamoo."

"Marahaba, Somoe. Mnaendeleaje? Unataka ya ubuyu?"

"Nataka za maji. Zote."

"Zote! Mna wageni?"

"Mama anakuja."

Alifuta mikono kwenye kanga, uso umemchangamka. "Anakuja leo?"

"Yakipoa," nikamwambia.

Mama Faraja alinitazama, akatazama viganja vyangu ambavyo vilikuwa na malengelenge ya mpini wa ndoo. Alifungua friza, akajaza beseni, akanitwisha, na kunisindikiza hadi kwenye kona yetu. Nilichana vifuko kwa meno na kumwaga barafu zote kwa mara moja. Zilielea zikigongana, kisha zikawa ndogo, kisha nikabaki natazama mahali zilipokuwa. Nilizamisha mkono. Hakukuwa na tofauti yoyote.

Nadhani yeye ndiye aliyempigia baba simu, kwa sababu siku hiyo alirudi jua bado liko juu, na suruali yake ya kazi ina saruji mbichi. Alinikuta nimesimama ngazini na ndoo zangu mbili.

"Unafanya nini, Somoe?"

"Napooza."

"Unapooza nini?"

"Maji. Mama alisema mambo yakipoa atakuja. Jioni yanakaribia kupoa, lakini mchana jua linayarudisha. Ukinisaidia tutawahi."

Baba alikaa kwenye ukingo wa bwawa na mabuti yake, miguu yote miwili ikaingia majini, mabuti yakajaa. Hakuonekana kujua. Alikaa hivyo, amenitazama, mdomo umefunguka kidogo. Nikadhani atanigombeza kwa sababu ya barafu. Badala yake alinyoosha mkono.

"Lete ndoo moja," akasema.

Alikuwa mrefu, na kutoka mikononi mwake maji yaliteremka kwa mstari mrefu usiokatika, kama uji wa mama. Yeye alimimina, mimi nikakinga. Tulifanya hivyo hadi kivuli cha jabali kikavuka ua na kupanda ukutani. Hakunieleza kwamba nimekosea. Nimemshukuru kwa hilo maisha yangu yote, ingawa sikuwahi kumwambia.

Kesho yake hakwenda kazini. Aliwaita majirani waje na ndoo, wakachota maji ya bwawa kwenda kufyatulia matofali na kumwagilia bustani, na ua ukajaa tena watu. Safari hii hapakuwa na makofi. Alikwangua ile rangi ya bluu kwa brashi ya waya, akisugua na kusuuza hadi harufu ya dawa ikaisha, akasakafia upya, akafunga mbao, akasuka nondo, akamwaga zege juu na kuacha tundu la mfuniko pale pale mama alipomwonyesha Mama Faraja. Akapachika mifereji kwenye bati. Mvua ilipoanza tulisimama mlangoni tukisikiliza maji yanavyoanguka gizani chini ya sakafu ya ua. Sauti ilianza kubwa, ikawa inapanda na kuwa ndogo kadiri kisima kilivyojaa. Baba alitabasamu. Asubuhi akafungua mfuniko, akachota kikombe, akanipa. Yalikuwa baridi hata meno yakauma.

"Tayari," nikamwambia.

"Tayari," akajibu. "Shule ikifungwa tunamfuata."

Tulipanda Newala kwa pikipiki yake, mimi nimemkumbatia kiuno, na kadiri barabara ilivyopanda hewa ilibadilika, ikawa baridi, na ukungu ukatulowanisha nyusi. Baba alikuwa amevaa shati la sikukuu. Mkunya tulimkuta mama na bibi barazani, wanachambua mbaazi. Mama aliinuka haraka sana akanibeba, mtoto mkubwa kama mimi, akaninusa shingo. Kwa baba alisema, "Karibu, Baba Somoe. Poleni na safari," kwa upole, kama anavyosema mtu kwa mgeni wa heshima, na akamletea kiti. Hilo lilinitia wasiwasi. Nyumbani hakuna aliyemletea baba kiti, alijivutia mwenyewe.

Bibi alinichukua tukakae jikoni anipe ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, lakini jiko lilikuwa wazi na sauti zilifika.

"Kisima nimekifunika," baba alikuwa anasema. "Kimejaa mpaka juu."

"Hongera. Kazi nzuri."

"Nimekuja kukuchukua, Mama Somoe."

Bibi aliacha kutafuna.

"Mimi sikuondoka kwa sababu ya maji," mama akasema.

"Sasa kwa sababu gani? Niambie, nitalirekebisha."

"Ndilo hilo. Nilikuwa nakuambia. Miaka yote nilikuwa nakuambia, na wewe unacheka. Umekuja kusikia mtoto alipotoka malengelenge. Sina ugomvi na wewe, wallahi. Nimechoka tu, Baba Somoe. Nikiwa hapa, nikisema kitu, mtu ananijibu."

Nilikuwa na mng'oko mkononi umemenywa nusu. Nilijua maana ya kila neno na sikuelewa chochote, isipokuwa kwamba maji yalikuwa hayahusiki. Ndoo zile zote, kanga, barafu, hata zege la baba. Mtoto mwenye kazi anaweza kungoja muda wowote utakaomwambia. Siku ile kazi yangu iliisha, na sikupewa nyingine. Bibi alinivutia kwake akasema maneno ya Kimakonde taratibu juu ya kichwa changu, nami Kimakonde nilikuwa sikijui vizuri.

Wazee walikaa, wakaongea, wakaamua kama wazee wanavyoamua. Nisome Masasi kwa baba, likizo niende Mkunya kwa mama. Hakuna aliyepiga kelele. Tulipoondoka, mama alinifungia kanga mabegani kwa ajili ya baridi, kisha akainama kana kwamba anaifunga vizuri zaidi, akaniuliza karibu na sikio, "Baba yako jioni anakula nini?"

Jioni baba alikuwa anakula mkate na chai, au hali kabisa. "Anakula vizuri," nikasema. Mama alitikisa kichwa kukubali, akaingia ndani, akatoka na unga wa muhogo na mbaazi kavu kwenye mfuko, akanikabidhi mimi badala ya kumpa yeye.

Tuliposhuka mlima baba alisimamisha pikipiki kando ya barabara ili injini ipumzike. Kwa mbali chini tuliona Masasi, majabali yake yametawanyika kwenye mwanga wa jioni. Alikuwa amenipa mgongo, anagusagusa breki ambayo haikuwa na tatizo.

"Mama yako," akasema, "aliniulizia?"

"Ndiyo."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza jioni unakula nini."

Hakugeuka. Alipiga kiki, tukateremka. Usiku ulipoingia alisonga ugali wa ule unga wa muhogo, ukatoka na mabonge, tukaula na mbaazi ambazo hazikuiva. Katikati ya kula akasimamisha tonge hewani.

"Aliuliza hivyo hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo, Baba."

Tangu hapo, kila likizo iliyokwisha, niliporudi kutoka Mkunya alinipokea begi, akanitengea maji ya kuoga, akangoja nimalize kula ndipo aulize kama mama amemwulizia. Hakuoa tena, na alilisema swali hilo kila mara kama vile limemjia ghafla. Nami kila mara nilimjibu kwamba ameuliza, nikamtajia alichouliza: kifua chako, pikipiki yako, kama bado unafunga Ramadhani na vile vidonda vya tumbo. Mara nyingine ilikuwa kweli.